Usimkumbatie Odell Kabla ya Alhamisi

Ijumaa, 31 Januari

Tumefungwa tena. Na ni nyumbani! Sijui ni mara ya ngapi mfululizo, nimeacha kuhesabu tangu Krismasi. Korongo wa Toledo, timu yetu ya kikapu — ndege gani hawa wasioruka? Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini sisi tumekubali mpaka imekuwa tabia.

Bernadette, shoga yangu tangu shule na jirani yangu wa kiti uwanjani, anasema wauzwe wote, kuanzia kocha hadi yule anayevaa manyoya ya ndege na kukata mauno. Halafu akanitupia jicho. "Na mwanao vilevile, Ilona." Nikamwambia mwanangu hauziki, labda wamgawe bure. Tumecheka mpaka bisi zikamwagika.

Lakini si mzaha. Emery wangu ndiye meneja mkuu. Yeye ndiye mwenye kusema nani abaki na nani abadilishwe na mchezaji wa timu nyingine. Na mlango wa kubadilishana unafungwa Alhamisi, saa tisa alasiri.

Odell peke yake ndiye aliyecheza. Ametoka magoti yote mawili yamefungwa barafu kama samaki wa sokoni. Maskini mtoto wa watu!

Jumapili, 2 Februari

Emery kaja kula baada ya misa. Nimepika kuku wa paprika. Kaacha paja. Emery haachi paja! Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni Odell. Timu moja kubwa ya California inamtaka. Watatupa vijana wawili wenye miguu mipya, pamoja na zamu yao ya kuchagua chipukizi kutoka vyuoni. Emery kanipangia mezani: kikebe cha paprika ndiye Odell, chumvi na pilipili manga ndio vijana. Anasema timu yetu imekwama katikati, si nzuri ya kushinda wala si mbaya ya kupewa zamu za kwanza za kuchagua chipukizi, na katikati ndiko timu zinakoozea. Afadhali tubomoe, tujenge upya.

"Nyumba haibomolewi watu wakiwa ndani," nikasema.

"Mama, ndani kunavuja."

"Basi ziba!"

Nikakirudisha kikebe upande wetu wa meza. Odell Tolliver! Alikuja hapa kutoka Mississippi akiwa na miaka ishirini na miwili, hajawahi kuona theluji, amevaa viatu vya wazi. Emery wakati ule alikuwa karani mdogo tu katika ofisi ya timu, akamleta kwangu ale. Alikula kabichi zangu za kuviringisha akauliza kama kuna sheria inayozuia kuongeza. Tangu siku hiyo ana kiti chake hapa. Miaka kumi na moja. Nimemzaa mmoja, wa pili nimeletewa.

Kwa hiyo nikamwapisha Emery. Mbele ya kofia ya marehemu baba yake, ile ya Korongo iliyotundikwa nyuma ya mlango, ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. "Sema: Odell haendi popote." Mwanamume mzima, ana mvi, kasema huku anaangalia viatu.

Sijuti. Hata kidogo.

Jumatatu, 3 Februari

Muuza soseji kanifungia vile vipande vya pembeni. "Mwambie mwanao asimguse Odell." Nikamwambia nimeshamwapisha. Akavirudisha vile vipande akanikatia nzuri.

Jumanne, 4 Februari

Yesu na Maria! Nikiweza kuandika leo ni kwa rehema.

Robo ya tatu kocha kamtoa Odell. Kaketi kwenye benchi, kainama, kamnong'oneza kijana wa pembeni. Yule kijana akaruka akamkumbatia! Akaja wa pili. Wa tatu. Benchi zima!

Wiki hii! Kila shabiki wa kikapu anajua. Siku hizi za mwisho, mtu akitolewa katikati ya mechi na wenzake wakamkumbatia mmoja mmoja, huyo si wetu tena. Ndivyo wanavyoagana, hata kabla habari haijatangazwa. Mchezaji mwenye akili wiki hii hakumbatii mtu hata kwenye birthday yake, anagonganisha ngumi tu.

Uwanja mzima ukaelewa. Halafu watu wakasimama, "O-dell! O-dell!", wanaume wenye ndevu wanalia kamasi. Bernadette kavua kiatu amrushie Emery kule juu kwenye chumba chake cha vioo. Nikamshika mkono. Kisha nikajiuliza namshikia nini? Nikamwachia. Kiatu hakikufika, kimemwangukia mzee mmoja safu za mbele, akakirudisha kwa adabu.

Nikampigia Emery. "Muongo mkubwa wewe! Umeapa mbele ya kofia!"

"Mama, sijamtoa mtu!"

"Anakumbatiwa!"

"Namwona! Hata mimi sijui anakumbatiwa nini!"

Ikawa kocha anamrudisha Odell uwanjani, na sisi tumesimama na machozi yetu kama mazuzu. Baada ya mechi ndipo aliposhika kipaza sauti. Mkewe Renita ana mimba. Miaka sita wamehangaika, leo siri ilimshinda kuitunza. Watu wote wakalia upya. Bernadette kavuta kamasi mpaka nje. Tumefungwa, nadhani kwa mbali. Hakuna aliyeuliza.

Jumatano, 5 Februari

Odell kaja kuomba radhi kwa kunipandisha presha. Na kashika koleo kabisa, ananiondolea theluji mlangoni! Nimemfokea kuhusu magoti yake. Kacheka, kaendelea.

Mezani nikamuuliza mtoto anakuja lini. Mwezi wa sita.

"Basi vizuri, utakuwepo nyumbani," nikasema. "Korongo mwezi wa sita tuko nyumbani kila mwaka."

Nilikuwa natania. Hakucheka.

Akaanza kuukwangua mchuzi kwenye sahani, ambao haukuwepo. Kasema miaka kumi na moja, kila fainali zikichezwa yeye yuko kwenye kochi anaangalia wenzake. Hajui jezi inavyolowa jasho la mwezi wa sita. Daktari anasema magoti yana msimu mmoja, labda miwili, Mungu akipenda. Kuhusu California amesikia, nani hajasikia? Renita kamwambia yeye atazaa popote penye kitanda.

"Kwa nini humwambii Emery?"

"Mama Vargo, nikiambiwa baki nitabaki, wala sitanuna. Lakini mji huu umenilea. Mtu anaombaje kuondoka kwao?"

Maneno ya kumwambia kuhusu kofia yalikuwa ulimini. Nimeyameza. Nikamfungia kabichi za kubeba, nyingi mno, kama anayesafiri. Alipoondoka nimelia juu ya sinki. Nampenda yule mtoto, basi. Na nilidhani kumpenda ni kumfungia mlango.

Nikampigia Emery.

"Kile kiapo cha Jumapili. Nakifuta."

"Mama, umekunywa?"

"Kahawa. Nisikilize. Kama wale wa California bado wanamtaka, mwache aende."

Nikamweleza. Nikasikia anapenga kamasi. Anajidai ana mafua tangu akiwa darasa la pili. Kasema tatizo ni kwamba Jumatatu aliwaambia hapana, kwa sababu yangu, nao wameshaanza kuzungumza na watu wengine. Hajui kama bado wanasikiliza. Jamani! Nimefunga kwa mkono wangu mlango aliokuwa akiungoja miaka yote hiyo.

"Bisha hodi tena," nikamwambia. "Na Odell asije akasikia kwenye simu." Maana wengi wao husikia hivyo, mtu yuko kwenye foleni ya kahawa anaambiwa na mwandishi wa habari kwamba amehama.

Emery kaahidi. Wakikataa, atampigia Odell simu amwambie anabaki. Wakikubali, anakuja mwenyewe amwambie uso kwa uso, popote alipo.

Nikakisogeza kile kikebe cha paprika upande wa pili wa meza. Mjinga mimi, naongea na vikebe.

Alhamisi, 6 Februari

Waandishi wamejaa kwenye bustani ya Odell, kwa hiyo kajificha kwangu tangu asubuhi. Emery keshamweleza: simu ni kubaki. Simu yenyewe iko katikati ya meza. Tunaitazama huku tunajifanya hatuitazami.

Imelia. Renita. Imelia tena. Daktari wa meno! Odell kamshukuru kwa heshima zote, hadi tukaangua kicheko.

Bernadette kanipigia mimi. "Yuko wapi?" Nitajuaje, nikamwambia, huku mtu anatafuna sahani ya tatu mbele yangu. Kasema Odell akienda, yeye haingii tena uwanjani. Muongo. Ijumaa atakuwa wa kwanza getini, kiatu mkononi.

Saa nane imepita. Nataka ilie, Mungu anisamehe. Nataka isilie. Nikiangalia mikono yake mikubwa inavyokishika kijikombe changu cha maua, nataka ilie. Nikiangalia yale magoti chini ya meza, isilie, isilie kabisa.

"Unaandika nini, Mama Vargo?"

"Vya kununua sokoni."

"Andika kabichi."

Saa tisa kasorobo. Simu kimya. Kuna gari barabarani, linapita — halipiti. Linaingia kwangu. Limegonga pipa la taka. Ni mtu mmoja tu duniani anayegonga pipa langu kila anapoingia.

Odell kalisikia pipa. Kaweka uma chini polepole. Kasimama, kichwa kinakaribia taa, na hajui mikono yake aiweke wapi.

Emery yuko kwenye ngazi, anakung'uta theluji viatuni. Anakung'uta sana. Anapenga kamasi.

Naacha kalamu hapa. Tangu Jumanne hakuna aliyethubutu kumkumbatia, na mimi nataka niwe wa kwanza.