Filsan Ana Kifua

Abaayo Shamis,

Assalamu alaykum, dada yangu. Natumai wewe na watoto hamjambo huko Takaba, na mbuzi wamepata majani. Mimi mwili mzima, ila watu wamenichosha. Nakuandikia kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima.

Umeuliza nimesema nini juu ya Filsan, binti wa mjomba wetu, Abti Nunow. Jamani! Mimi ni mwalimu wa kuimba. Nafundisha kwamba sauti nzito, ile inayotetemesha mbavu, ni sauti ya kifua, na ile nyembamba ya juu ni ya kichwa. Kwenye ripoti yake nikaandika: ana kifua, kichwa bado. Basi! Abti akasoma kwamba binti yake anaugua kifua na tena hana akili.

Alikuja shuleni akifoka. Nikamweleza. Nikamwimbia zote mbili. Nikamwambia aweke mkono kifuani aite kama anavyoita ngamia, asikie mtetemo. Akaniuliza kama na mimi ninaumwa. Wallahi, nusura nilie.

Kumbe habari imeshafika Kotile, kwa wazee wa yule bwana aliyetaka kumwoa Filsan mwezi ujao, kabla ya mtihani wake wa kidato cha nne. Wamesema hawachukui mgonjwa. Wanataka maandishi yenye muhuri wa shule kwamba ni mzima. Ati niliyeandika ndiye nifute! Kila siku baada ya alasiri Abti yuko getini, nami namwambia kwamba mkuu wa shule amesafiri na muhuri.

Sasa ukweli, na ubaki kwako. Muhuri uko mezani kwangu. Barua nimeiandika mara mbili nikaichana. Filsan alinijia analia, akaniomba nisubiri amalize mtihani, kwa sababu akiolewa sasa hatarudi darasani. Bwenini wenzake wamemtengea kikombe, na hilo linaniuma kila nikimwona. Yeye anasema atalivumilia.

Jana Abti alitaka kumsikia mwenyewe. Nilikuwa nimemfundisha mtoto kukohoa kutoka kifuani. Alikohoa vizuri mno, Abti akakaa chini akaanza kulia, na mimi nikamwacha aamini. Kama nimekosa, niambie.

Wabusu watoto, na uniombee dua.

Mdogo wako,
Fartun