Beki wa Kushoto Aliyemwita Mke Wangu Bridgit

Mama Sella,

Nakusalimu, na naomba unishike mkono, maana nimefika mahali ambapo rafiki siwezi kumwambia na mke ndiye ninayemshtaki. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minane, kwetu ni Kitui, Ukambani, nimeoa, mtoto Mungu bado hajatupa, na sasa naishi Gatina, Kawangware, ingawa mpaka Desemba nyumba yangu ilikuwa Kianda kule Kibera na kazi yangu ilikuwa kuuza njumu za mtumba Soko la Toi, na kama umewahi kuona mchezaji wa ligi ameinama kwenye rundo la viatu akitafuta mwenzake wa kulia basi umewahi kupita kwangu. Pia ni katibu wa tawi la mashabiki wa Mbagathi Rovers, timu ambayo msimu uliopita iliponea chupuchupu kushuka daraja, na ndiyo maana mwezi huu wa Februari wenye timu wameomba matawi yalete maoni kuhusu kikosi, nani aachwe na nani asajiliwe, kabla ligi haijaanza.

Nitaanza na timu kwa sababu huko ndiko bado nina akili timamu. Kipa wetu hatoki golini, krosi ikipigwa yeye anaitazama kama mtu anayengoja mgeni, na mabao mengi tuliyofungwa yalitoka hapo. Mshambuliaji wetu Gerishon ana miaka thelathini na minne na hakimbii tena, lakini hakuna anayethubutu kumtaja kwa sababu ni mcheshi na hutununulia chai. Katikati hatuna mtu wa kunyang'anya mpira, na nahodha alikwenda kwao kupiga kura na mpaka leo simu yake ni mteja hapatikani. Halafu kuna beki wa kushoto, namba tatu, jina lake Khamala, mtu wa Kakamega, huyo ana mguu mmoja tu. Mama Sella, mimi husoma mchezaji kwa soli. Njumu zake nilimuuzia mimi, na akizileta zishonwe naona meno ya kiatu cha kushoto yameisha kabisa na ya kulia ni mapya, maana yake mguu wa kulia ni wa kutembelea tu, na mpinzani akijua hilo amemmaliza. Nakiri mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia kocha mwaka 2005 nikisema kijana huyu ana mguu wa kushoto ambao Nairobi haijauona, lakini mtu hubadilisha mawazo.

Sasa nikwambie kilichonipata. Jumamosi ile ya Desemba kura za rais zikiwa bado zinahesabiwa nilitoka Kianda kwenda Gatina kutazama mpira wa Ulaya na wenzangu wa tawi, na mke wangu, nitamwita Ndunge, aliniambia nisiende kwa sababu mji haukuwa sawa, nami nikamwambia nitarudi saa kumi na mbili. Sikurudi. Moto ukawaka, barabara zikafungwa, Toi ikaungua na kibanda changu na njumu zote, na Ndunge akabaki Kianda peke yake. Khamala alikuwa jirani yetu wa ploti moja kule Kianda, hana mke, na ananiambia bila haya kwamba alimsihi Ndunge siku mbili nzima atoke akakataa, na mimi tangu hapo najiuliza siku mbili nzima alikuwa akimsihi wakiwa wamekaa wapi. Mimi nilijaribu kurudi. Nilimwambia Ndunge nilifika Toi polisi wakanirudisha, lakini wewe sitakudanganya, nilifika Kongo tu, hapa hapa Kawangware, nikaona moshi, nikageuka.

Jumatatu ndiyo wakatoka. Khamala alibeba kichwa cha cherehani cha Ndunge begani, maana mke wangu ni fundi wa nguo, na karibu na kituo cha Olympic, hapo hapo Kibera, wakakuta vijana wamefunga njia kwa mawe wanauliza vitambulisho, na watu wa majina kama yetu walikuwa wanarudishwa au zaidi ya kurudishwa. Ndunge amenisimulia na ploti nzima imesikia. Khamala akawaambia, "Huyu ni bibi yangu, anaitwa Bridgit. Tunaenda kuona mathe, ni mgonjwa." Mmoja akamtazama akasema, "Si wewe ndio namba tatu wa Rovers?" Mwingine hakuridhika, akamwambia mke wangu, "Madam, hebu salimia watu." Na Ndunge wangu, mtoto wa Mwingi, akawaambia "Mulembe" bila kutetemeka, wakafunguliwa njia. Miaka tisa nimeishi na huyu mwanamke na sikujua anaweza kusalimia kwa Kiluhya.

Walifika Gatina saa kumi jioni na mimi nilikuwa nimesimama kwenye geti la ploti nilikohifadhiwa, na kitu cha kwanza nilichokiona, kabla ya uso wake, kabla ya kushukuru Mungu, ni mkono. Walikuwa wameshikana mikono. Ndunge anasema walishikana pale kwenye mawe ili waonekane mtu na mkewe, na wakasahau kuachana. Mama Sella, kutoka Olympic mpaka Gatina mtu anasahau vipi mkono wa mtu.

Tangu siku hiyo sina amani. Khamala naye amepanga chumba hapa nyuma yetu, na akipita anasema, "Niaje Bridgit," na mke wangu anacheka akijifunika mdomo kama msichana wa shule. Mke ambaye zamani nikiwasha redio ya mpira alikuwa anatoka nje, sasa ananiuliza, "Khamala anacheza leo?" Nimekuta jezi namba tatu imeanikwa kwenye kamba yetu kando ya shati langu. Juzi kwenye mechi ya kirafiki Khamala alipigwa teke la goti na Ndunge akasimama wima, na mimi mwaka juzi nilianguka ngazi za ghorofa ya pili na hakusimama, aliuliza tu kama sufuria niliyobeba imebonyea. Yeye ndiye anayetulisha sasa kwa cherehani hiyo, mimi nimekaa nyumbani sina hata jozi moja ya kuuza, na kila sindano ikigonga nakumbuka ni nani aliyeibeba.

Kilichonimaliza ni Mbuvi, mwanachama wa tawi, aliyeniuliza mbele ya watu kwa kinyozi, "Katibu, bibi ya Khamala anaendeleaje?" Wakacheka. Jumapili ikawa mkutano wa tawi wa kupitisha orodha, na mimi nikasimama nikasoma jina moja tu la kuachwa, Khamala, na nafasi yake apewe Musau, kijana wa kwetu anayeishi hapa Gatina ambaye hata mguu wake ni wa kulia, nikataja soli, nikataja krosi, nikataja umri, na Khamala ana miaka ishirini na minne. Mbuvi akapiga makofi akasema, "Sasa katibu umeongea. Hao watu wamezidi kwa hii timu." Wengine sita wakapiga makofi. Nikaelewa papo hapo kwamba hawapigii mpira makofi. Mwenyekiti wetu, mzee Shivachi, ambaye ni mtu wa kwao Khamala na ndiye aliyenipa godoro usiku wa kwanza nilipokwama huku, alifunga daftari lake, akasema, "Haya, nimeskia," akatoka. Hajaongea na mimi tena.

Orodha iko kwangu, imetiwa sahihi, na Jumamosi napaswa kuipeleka ofisi ya timu. Wakikubali, na wanatusikiliza kwa sababu sisi ndio tunaojaza uwanja, kijana atakosa kazi wakati huu ambapo hakuna kazi. Nisipoipeleka, nitawaambia nini waliopiga makofi? Na nijibu na hili, Mama Sella, wewe ni mwanamke: mwanaume anaweza kumwita mke wa mwenzake bibi yake mbele ya watu na asiwe na lolote moyoni?

Katibu wa Tawi, Gatina

MAMA SELLA ANAJIBU

Katibu, pole kwa kibanda na pole kwa nyumba. Watu wengi wameniandikia wiki hizi wakiwa wamepoteza zaidi ya hapo, na wengine hawana hata mahali pa kupokea jibu, kwa hiyo pole yangu nimekupa na sasa tuongee. Majina nimeyabadilisha yote, hata namba ya jezi.

Nianze na mpira, maana naona ulidhani utanificha huko. Nimeolewa na aliyekuwa kipa kwa miaka kumi na tisa na najua kikosi kinavyopangwa. Umeniambia kipa hatoki, mshambuliaji hakimbii, katikati hamna mtu na nahodha hayuko. Kisha katika watu wote hao, wa kuachwa ukamchagua beki. Mguu wa kushoto uliokuwa dhahabu mwaka 2005 umekuwa kilema baada ya kutembea kutoka Kianda hadi Gatina ukiwa na cherehani begani. Na beki wa kushoto akimaliza meno ya kiatu cha kushoto, ulitaka amalize ya nani?

Huo ni wivu, na wivu peke yake ningekusamehe, kila ndoa ina wake. Lakini wewe umeuchukua wa chumbani ukaupeleka mkutanoni, na Februari hii, Kawangware hii, ukasimama mbele ya watu ukasoma jina la mtu wa kwao fulani kwamba aondolewe, na aingie mtu wa kwenu. Uliwasha kiberiti karibu na mafuta taa halafu unashangaa Mbuvi kuona mwanga. Mzee Shivachi alikupa godoro wakati majirani walikuwa wanapokonyana mabati. Unafikiri aliposikia makofi yale alifikiria krosi?

Unaniuliza kama mwanaume anaweza kumwita mke wa mwenzake bibi yake akiwa hana lolote moyoni. Anaweza. Pale kwenye mawe kijana huyo alikuwa na jina lililokubalika, na watu walimjua kwa sura. Angepita peke yake bila kuulizwa lolote. Aliligawa jina lake na mke wako akijua vijana wale wakigundua uongo, yeye ndiye atakayeanza kupigwa. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomwambia asante. Nimekuta mkono, nimekuta jezi kwenye kamba, nimekuta goti. Asante sijaikuta. Wazee walisema shukrani ya punda ni mateke, na wewe umetafuta mpaka mtu wa kukupigia hayo mateke, ofisi ya timu.

Sasa fanya hivi. Orodha hiyo ichane leo, kabla hujala. Kisha nenda kwa Shivachi, usimtume mtu, usimpigie simu, nenda mwenyewe, na umwambie ulichoniambia mimi. Mwombe aite mkutano kabla ya Jumamosi. Mkutanoni usiseme umefanya utafiti zaidi, usiseme kocha amekushauri. Sema, "Nilimtaja Khamala kwa sababu ya wivu wa nyumbani kwangu, si kwa mpira, na si kwa kabila la mtu." Watakucheka. Mbuvi atacheka kwa wiki mbili. Waache. Afadhali tawi likucheke kwa wivu kuliko likufuate kwa chuki. Kisha andikeni orodha ya kweli: kipa anayetoka golini, mtu wa kunyang'anya mpira katikati, na huyo Gerishon mumwambie ukweli kwa heshima, chai mtajinunulia. Musau mpeni nafasi yake ya kulia, maana kijana hajakosa lolote naye ulikuwa unamtumia.

Kwa Khamala, nenda ukamwambie asante kwa kukuletea mke wako, mbele ya Ndunge mwenyewe, na Ndunge umtaje kwa jina lake halisi. Kama hilo la Bridgit linakuuma, mwambie linakuuma. Ni kijana mwenye akili, ataacha. Na utafute kazi, katibu, hata ya kushona viatu vya watu hapo kwenye baraza, kwa sababu mwanaume anayekaa nyumbani akisikiliza cherehani atasikia mengi ambayo cherehani haijasema.

Limebaki la mke wako, na hapa nisikilize vizuri. Kwanza mwambie uliishia Kongo. Anajua au hajui, mwambie. Hukumwonea Khamala wivu kwa sababu ya mkono tu. Ulimwonea kwa sababu alifika mahali ambapo wewe hukufika, na uongo huo ukiendelea kuulinda utamchukia kila mtu aliyekuwa Kianda siku ile.

Pili, umemuuliza walishikana wapi, waliachana wapi, Kiluhya alijifunzia wapi. Hujamuuliza kama aliogopa. Na ile hesabu yako ya siku mbili, ya kwamba alisihiwa atoke akakataa, wewe umekaa miezi miwili ukitafuta walikuwa wamekaa wapi. Mimi sikuwepo, Katibu, lakini kwa nini mwanamke akatae kutoka kwenye mtaa unaoungua nakujibu bila kusita. Mume wake alikuwa amemwambia anarudi saa kumi na mbili.