Sala ya Chakula Ambayo Binti Yangu Hataki Kuisikia

Dongobesh, Jumapili jioni, mwishoni mwa Juni

Baridi ya leo si ya kusimulia. Ukungu ulishuka alfajiri ukakaa juu ya mashamba mpaka tulipotoka kanisani, na hata jua lilipojitokeza lilikuwa kama mtu mwenye homa, yupo lakini hana nguvu. Nimekaa karibu na jiko la mkaa, simu mkononi. Vidole vizito. Moyo ndio mzito zaidi.

Shajara yangu, binti yangu hataki kurudi nyumbani.

Hapa nitamwita Paulina. Siyo jina lake. Jina lake nimelitaja mno mbele za watu, na ndilo jambo lililotufikisha hapa.

Yuko Bukoba kwa mjomba wake. Tulikwenda wote wanne, mimi, mama yake, yeye na mdogo wake ambaye nitamwita Bura, kwenye arusi ya mtoto wa shemeji yangu, ndiye huyo mjomba wake. Tumerudi watatu. Kama shule zingefunguliwa kesho ningekuwa nimeshakata tamaa, lakini bado kuna wiki moja. Yuko kidato cha nne na mtihani wa taifa ameandikishwa shule ya hapa kwetu. Asiporudi, masomo yake yote ya miaka minne yanaenda na maji. Kila nikimpigia anapokea kwa heshima zote, "Shikamoo baba," halafu anampa mjomba wake simu.

Acha nieleze ilivyokuwa, maana nisipoandika nitalala nayo tena.

Kwetu hakuna mkono unaogusa chakula kabla ya sala. Nililelewa hivyo na nimewalea hivyo. Mimi ni mzee wa kanisa, shule yangu ni darasa la saba, na kuongea na watoto sikujaliwa. Nikimkalisha mtoto nimwambie, mwanangu, hili ulilofanya si zuri, sauti inapanda yenyewe, naharibu, anaondoka analia. Ila nikifumba macho mbele ya ugali, maneno yanakuja kama maji ya mfereji. "Bwana, tunamleta mbele zako Bura, aliyeacha zizi wazi ndama wakanyonya maziwa yote. Mguse, Bwana, aache uzembe." Nikimaliza wote wanasema Amina.

Nani atabishana na sala?

Niliona ni hekima. Hakuna fimbo, hakuna matusi, na ujumbe umefika.

Mwezi wa tatu Paulina alimwambia mama yake kwamba kuna kijana anamtumia ujumbe, na hajui amjibu nini. Alimwambia mama yake tu. Mama yake akaniambia mimi tukiwa shambani kwenye vitunguu saumu, kama mke anavyomwambia mumewe. Kesho yake tulikuwa na wageni wa kwaya kutoka Tumati. Chakula kikaletwa, nikasimama, nikaomba. Niliomba mpaka machozi yakanitoka. Nikamtaja binti yangu kwa jina, nikamtaja na yule kijana kwa ukoo wake.

Wageni walisema Amina kubwa.

Tangu siku ile Paulina akawa na shibe ya ajabu. "Nimeshakula jikoni, baba." "Tumbo linanisumbua, baba." Mimi nikasema ni ujana, utapita. Kumbe alikuwa anapita yeye, anatoka kidogo kidogo mezani kwangu.

Basi ikaja safari. Sisi watu wa huku juu maji tunayajua ya bwawa na ya mvua. Tulipopanda meli pale Mwanza, jua linaelekea kuzama, Mama Paulina alishika tumbo kabla hata kamba hazijafunguliwa. Akajilaza kwenye kiti, kanga usoni.

"Baba Paulina, nikifa msinitupe kwenye haya maji."

"Mama, bado tumefungwa bandarini," Bura akamwambia.

Tukacheka, hata Paulina. Ilikuwa siku nyingi sijacheka jambo moja na yeye.

Tulibeba chakula chetu, kuku wa kienyeji, chapati, mayai ya kuchemsha. Meli ilipokwisha kuingia ziwani nikatandika kitambaa kwenye kiti kilichokuwa wazi nikaanza kupanga. Paulina akaja kusimama mbele yangu, mikono nyuma, kama yuko ofisi ya mwalimu mkuu.

"Baba, tunaomba leo tule sisi wawili tu. Kule chini kwenye mgahawa."

"Na hiki alichopika mama yenu?"

"Tutakila asubuhi, baba."

"Kuku wa mama yenu amekuwa mbaya leo?"

Mama yao akajibu kutoka chini ya kanga. "Waache wakale. Mimi mwenyewe sitaki hata kumsikia huyo kuku."

Wakaenda, Bura akiruka ngazi mbilimbili. Nilitazama huku na huku nikaona wazazi wengine wamekaa wenyewe wanaongea, vijana wao hawapo, wala hawana wasiwasi. Kwangu ilikuwa kama nimepokonywa kitu. Nilikuwa na kuku mzima na mke anayetapika, na nilipofumba macho niombe, sikuwa na wa kumwombea.

Nikachukua mapaja mawili nikayafunika kwa chapati, nikashuka. Nilijiambia nawapelekea nyama. Ukweli ni kwamba nilitaka wanione.

Walikuwa wamekaa meza ya karibu na mlango, wamenipa mgongo. Samaki na chipsi mbele yao. Bura alikuwa amekunja mikono, sauti ameishusha mpaka tumboni, na sauti ile niliijua. Ilikuwa yangu.

"Bwana uliye juu ya mlima Hanang na juu ya ziwa hili, tunamleta mbele zako huyu Paulina, aliyeagiza soda kubwa na hata nusu hataimaliza..."

Paulina alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanatetemeka kwa kicheko. "Umesahau kukohoa. Baba lazima akohoe kabla ya jina la mtu."

Bura akakohoa. Vizuri sana. Na ni kweli, nakohoa. Miaka yote hiyo sikujua.

Hilo ningelivumilia. Watoto huigiza wazazi, hata sisi tulimwigiza baba yetu tukiwa machungani. Lakini Paulina akajifuta macho akasema, "Basi sasa, samaki anapoa. Tuombe kweli." Akainamisha kichwa, na mdogo wake akainamisha.

"Baba wa mbinguni, asante kwa samaki huyu. Asante kwa sababu leo hakuna anayesemwa. Amina."

Wakala. Bura alikuwa anaongea huku mdomo umejaa na dada yake anampiga kwenye kiwiko, anacheka. Nilisimama pale na mapaja ya kuku yananipoa mkononi. Sijawahi kuwaona wakila hivyo. Kwangu wanakula kama watu wanaowahi basi.

Nikapanda ngazi. Mama Paulina akauliza mbona nimerudi na nyama. Nikamwambia wameshiba.

Laiti ningeishia hapo. Usiku kucha ndani ya meli nilikuwa na nafasi ya kutafakari, na badala ya kutafakari nikakasirika. Nikajiambia wameidhihaki sala. Nikaipa hasira yangu kanzu ya dini, ikapendeza.

Tulipofika Bukoba, shemeji alikuwa ameandaa chakula, ndugu wa pande zote mbili wapo, mabinamu wa Paulina wamejaa. Shemeji akasema, "Tunaye mzee wa kanisa hapa, atuombee." Nikasimama. Nikakohoa. Nikawaleta mbele za Mungu watoto wanaojificha melini na kufanya mzaha na sala ya baba yao, na binti ambaye tangu apate marafiki wa kiume wa simuni haheshimu tena meza ya wazazi.

Nilifumbua macho. Watu wote walisema Amina isipokuwa mmoja. Alikuwa ananitazama mimi, macho makavu. Alielewa kwamba nilisimama mlangoni nikasikiliza. Akaweka sahani chini taratibu, akaenda kuwasaidia akina mama kuosha vyombo, na hakula chakula nami tena mpaka siku ya kuondoka. Siku hiyo mizigo iko nje, akamgeukia mjomba wake. "Mjomba, naomba nibaki." Mjomba akasema ni likizo, abaki apumzike. Mimi nikasema sawa, kwa aibu tu, watu walikuwepo.

Njia nzima mpaka Singida Mama Paulina hakunisemesha.

Leo mchana, baada ya ibada, nimepiga tena. Mjomba alikuwa kwenye migomba, kwa hiyo hakuwa na wa kumpa simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Utarudi lini?"

Nilisikia kuku wa huko wakilia.

"Baba, mimi sijakataa kurudi. Nimekataa kusemwa kwa Mungu na mimi nimekaa hapo hapo. Ukiwa na neno na mimi, niambie mimi."

Nilitaka kusema, basi tuombe. Ulimi ulikuwa umeshafika pale. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa, hata wakati ule nilitaka kumjibu kwa sala. Nikaumeza.

"Nilikosea, Paulina. Siku ya wageni wa kwaya nilikosea, na kwa mjomba wako nikakosea zaidi."

"Hilo unaniambia mimi, au unamwambia Mungu nisikie?"

"Nakuambia wewe."

Akasema, kwa sauti ndogo ile ya utotoni, "Nimesikia, baba. Lakini nikirudi, sala ya chakula asiombe baba. Aombe mtu mwingine yeyote. Ukikubali, nitapanda meli."

Nikasema nitafikiri. Akasema sawa baba, msalimie mama. Simu ikakatika.

Nitafikiri! Mtoto amesimama ukingoni mwa mtihani wake, nami nasema nitafikiri. Lakini shajara, nielewe. Mwanaume mwenye mji wake, mzee wa kanisa, aambiwe na mtoto asiombee chakula chini ya bati aliloliezeka mwenyewe? Watu wa jumuiya wakija wakamkuta binti anaomba na mimi nimenyamaza, watasema nini? Nimezunguka zizi mpaka ng'ombe wamenishangaa. Nikaenda jikoni kumwuliza mama yake, alikuwa anasonga ugali.

"Unaniuliza mimi?" akasema, mwiko haujasimama. "Mimi nikikuambia kitu kinafika kwa wageni."

Angenipiga na ule mwiko ingekuwa nafuu.

Chakula kikaja. Ugali, maharage, maziwa ya mgando. Nikasimama kama kawaida, nikafumba macho, na sikupata neno hata moja. Nikafumbua. Nikamkuta Bura hajafumba macho kabisa. Alikuwa ananitazama, mwili ameukaza, anasubiri kama jina lake litatajwa. Hakuwa amefanya kosa lolote leo. Alikuwa anasubiri tu. Nikagundua kwamba pengine mtoto huyu hajawahi kufumba macho mezani kwangu.

Huyu naye ataondoka. Bado miaka miwili, mitatu. Atapata mjomba wake.

Nikaketi.

"Bura, tuombee."

"Mimi?"

"Wewe."

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama ugali. Nikafumba macho, na hapo, shajara, ndipo nilipoonja kile nilichowapikia miaka yote. Mtoto ana kila kitu mkononi. Anaweza kusema, Bwana, tunamleta mbele zako baba aliyemfukuza dada. Anaweza kusema, mguse baba aache kiburi. Na yote ni kweli, na mama yake yupo anasikia, na mimi nitalazimika kusema Amina. Nilisubiri jina langu.

"Bwana, asante kwa chakula," Bura akasema. "Amina."

Basi. Akachukua tonge.

Hakunitaja. Alikuwa na nafasi, akanisamehe, wala hajui kama amenisamehe.

Sijui kama nina nguvu ya kunyamaza mezani kwangu siku zote zilizobaki. Ninajijua. Nitaona kosa, na maneno yatanijaa kifuani, na ugali utakuwa unafuka mbele yangu. Sijui pia kama Paulina ataniamini, maana nimekuwa nikimwahidi Mungu mambo mengi mbele yake ambayo sikuyatimiza.

Lakini asubuhi, kukipambazuka tu, kabla sijaenda kukamua, nitampigia. Nitamwambia nimekubali. Sitamhubiria wala kusema tuombe. Nitamwuliza tu akifika anataka mama yake ampikie nini.

Akimpa mjomba wake simu, nitamsubiri kwenye laini mpaka arudi.