Mama Alipogonga Bodi ya Landrova

Nyakato, Musoma.
11 Agosti 1987.

Mpendwa Shangazi Selestina,

Basi siyo difu, Shangazi. Yale yote tuliyosikitika ulipokuja kwenye harusi yangu, kwamba difu ya Landrova ya marehemu kaka yako, zile gia za katikati ya magurudumu ya nyuma, imekufa na bora gari iuzwe, tulisikitika bure. Lakini ngoja kwanza nikusalimie, maana Mama akijua nimetanguliza gari kabla ya salamu atanisema.

Shikamoo Shangazi. Hali ya Shinyanga ikoje? Goti limepoa? Sisi wazima, na mimi ndiyo mzima kuliko wote. Nikimwona Lukas anarudi na baiskeli yake, moyo bado unanidunda kama siku ile kanisani Nyegina. Usinicheke.

Unakumbuka ule mngurumo. Fundi wa kwanza alisema ni difu na sote tukaamini. Kwa kuwa difu haipatikani, Mama alikubali Yunusu, yule mwenye duka la spea Bunda, aje Jumamosi aichukue, aifungue na kuuza vipande. Alikubali bila kutoa chozi, nikajua anaumia. Ile gari ndiyo kitu pekee cha Baba ambacho bado kinatoa sauti.

Lukas akaomba aisikilize kwanza. Tukaenda wawili hadi Makutano, na kusema kweli tulisikiliza kidogo tukaongea sana. Tukarudi tukisema difu, kama wengine. Mama akaniita mlangoni.

"Nyie mnasikiliza mkiwa mbele," akasema. "Mimi nilikuwaga nakaa nyuma. Baba yako alikuwaga ananisikiliza mimi."

Ndivyo ilivyokuwa, Shangazi. Safari za Mwitongo kwa Bibi, sisi watoto tumejaa mbele, Mama nyuma juu ya magunia ya mihogo, mwiko mkononi, akigonga bodi ili Baba asimame. Miaka ile ya foleni za sukari, spea hakuna, Baba aliendesha kwa masikio ya Mama. Natamani ningekuwa mdogo tena siku moja tu, ninuse ile mihogo.

Sasa shida unaijua. Lukas ni mkwe. Atapandaje gari moja na Mama, watazamane? Nilipeleka maneno ya huyu kwa yule mpaka miguu ikachoka. Mwishowe Mama akapanda nyuma, akakaa upande wa kulia wa gari akitazama tulikotoka, kanga kichwani, mwiko mkononi. Lukas akageuza kioo cha ndani kikatazama juu. Jirani yetu Bi Kudura akasema, "Boke, mzigo huo ukifika usisahau kuuamkia."

Barabara iliponyooka, mwiko ulitulia. Lukas alipokata kona ya kushoto, ukagonga. Ya kulia, kimya. Ya kushoto tena, ukagonga. Tuliposimama, Mama akaniambia, "Mwambie inalia huku kwangu, kulia, siyo katikati."

Lukas alifurahi kama mtoto. Akanieleza kwamba gari ikikata kushoto uzito unalalia gurudumu la kulia, na beringi mbovu ya upande huo ndipo inalia. Akagusa habu ya gurudumu la kushoto, pale katikati linapofungwa, ikawa ya baridi. Ya kulia ilimfanya aondoe mkono haraka.

Nyumbani akaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Alipolizungusha lilisikika kama mtu anasaga mtama. Akachomoa shafti, akafungua nati, akaitoa habu. Beringi ya ndani imebabuka, sili ya kuzuia oili imechanika, na oili ya difu imesomba grisi yote. Difu yenyewe nzima kabisa.

Yunusu alipofika, akarudishwa Bunda kutuletea beringi na sili. Siku hizi vitu vimeanza kuonekana, vinapitia mpakani Sirari. Alisema amekuja kununua gari, sasa yeye ndiye anaiuzia gari spea.

Lukas akafunga upya, akikaza nati huku anazungusha gurudumu, kisha akailegeza kidogo, maana ikibana mno beringi inaungua. Grisi hadi kwenye viwiko, na mimi nimekaa juu ya ndoo namtazama tu. Shangazi, nimeolewa na mtu.

Jumapili tukaenda Mwitongo, Mama nyuma vilevile. Kimya njia nzima. Tulipokaribia kwa Bibi, mwiko ukagonga. Lukas akakanyaga breki, uso umembadilika. Nikakimbilia nyuma.

"Mwambie hakuna ubovu," Mama akasema. "Hapa Baba yako alikuwaga anasimama, nifunge kanga vizuri kabla mama yake hajaniona."

Nikamwambia Lukas. Hakugeuka. Alizima injini, akangoja mpaka Mama alipogonga tena.

Kwa hiyo Landrova haiuzwi. Mama amesema mwenyewe.

Wasalimie Bernado na Hana, mwambie Hana ile kanga aliyonipa naivaa mpaka jikoni. Mungu akutunze, akupe goti jepesi na usingizi mzuri. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Shinyanga, sote watatu. Ukisikia mwiko unagonga bodi mlangoni kwako, usishtuke. Ni Mama anasema tumefika.

Mwanao anayekupenda sana,
Boke