Betri za Tochi Yako, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Ningeweza, ningekuja mbio mpaka hapo ulipolala nikupigie kelele, maana jana darasani kulitokea jambo na sina mwingine wa kunisikiliza mpaka mwisho. Mama nikimtajia hesabu tu, anashika ufagio.

Unaikumbuka ile kalkuleta? Ile kubwa yenye kioo cha kuchora, aliyokuachia yule mgeni aliyekaa kwetu akichunguza majani ya malisho. Uliitundika ukutani kwenye mfuko wa ngozi ukisubiri ilie kama simu. Nilipochaguliwa kidato cha tano huku Korogwe, kusoma fizikia, kemia na hesabu, ndipo ulipoitungua. "Chukua wewe," ulisema, "labda kwako italia."

Kwenye mtihani wa taifa hairuhusiwi, lakini mwalimu wetu wa hesabu aliikubali kwenye testi zake, ilimradi uonyeshe njia. Nilitamba nayo weee! Shida ilianza tulipofika namba changamano. Swali la kwanza la testi: x² − 4x + 13 = 0. Kalkuleta ikachora mstari uliopinda kama bakuli, likaning'inia huko juu, mstari wa chini, ambako jibu husomwa, halikuugusa hata kidogo. Nikaandika, "Haina jibu." Na yaliyofuata, yote, haina jibu. Nikapata sifuri ya kuchekesha darasa zima. Mwalimu akanipa neno moja: nikianguka tena testi ijayo, naacha hesabu, nahamia kwenye historia. Na mimi nilizitaka zile hesabu kama ndama anavyotaka titi.

Jumamosi nikaja nyumbani macho yamevimba. Ukataka nikuonyeshe huyo adui. Ukalitazama lile bakuli kwenye kioo, ukacheka.

"Huyu amekataa kushuka mtoni."

"Ndiyo, Baba. Kwa hiyo jibu halipo."

"Nani kasema?" Ukanyoosha fimbo kuelekea zizini. "Yule mweusi mwenye baka usoni, unamwona?"

"Hayupo. Ulimpeleka kwa rafiki yako kule Mnyuzi amtunze."

"Basi si wangu?"

Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa kidole. Unamjua kwa rangi na kwa jina, hata aliyepelekwa mbali kwa rafiki ili ukame usije ukawamaliza wote kwa mpigo. Nikalirudia bakuli langu. Kitako chake kimekaa usawa wa mbili. Kutoka mstari wa chini mpaka pale kitakoni ni tisa, na kipeuo cha pili cha tisa ni tatu. Nikaingia kwenye mipangilio ya kalkuleta, nikairuhusu itumie namba za kufikirika, zile zisizoonekana kwenye mstari wa kawaida, ambazo alama yake ni i, nikauliza upya. Ikajibu: 2 + 3i, na 2 − 3i. Mbili na tatu, Baba! Majibu yalikuwa pale pale kwenye mchoro muda wote! Nikaruka, mbuzi wakatawanyika, ukaniuliza nimeng'atwa na nini.

Siku ya kuondoka ukatoa betri kwenye tochi yako ya kichwani, ukazitia kwenye kalkuleta kwa mikono yako mwenyewe. "Hizi nzima kabisa. Juzi zimenionyesha ndama kichakani."

Kilichofuata hukukijua. Tochi yako ilikuwa inaridhika na betri zinazokaribia kufa, Baba, kalkuleta haikuridhika. Swali la kwanza la testi nikalimaliza. La pili, kioo kikafifia, kikazima. Nikaitikisa, nikaipiga makofi, wapi! Jasho likanitoka mpaka kwenye karatasi, na nikaiona historia hiyo inakuja. Halafu nikamkumbuka yule mweusi mwenye baka. Nikashika penseli, nikachora bakuli mwenyewe, nikatafuta kitako, nikapata kimo, nikachukua kipeuo. Swali baada ya swali, nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

Mwalimu alipolirudisha jaribio akasimama mezani kwangu.

"Kalkuleta yako si ilizima?"

"Ilizima, mwalimu."

"Basi iache hivyo hivyo."

Nikabaki kwenye hesabu. Nawe ukachinja mbuzi, ukawatangazia majirani wote kwamba betri zako ndizo zilizomfaulisha mtoto. Sasa hapo ningeanzia wapi kukusahihisha?

Miaka imepita, na jana mwalimu nilikuwa mimi. Binti mmoja wa Kwaluguru kaandika "Haina jibu," kaufunga mkoba, analia, ameshaamua kuacha hesabu. Nikaitoa kalkuleta yako nikamchorea bakuli. Kisha nikachomoa betri mbele ya macho yake, nikampa penseli. Akakuna kichwa. Akachora, akafuta, akachora tena. Mara akasimama, kiti kikaanguka: "Mwalimu, yapo! Yapo!" Darasa zima likalipuka, na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Mkoba ameufungua.

Tangu tulipokuzika, nikija nyumbani jioni naangalia zizini, nakukosa, najisemea sina baba tena. Jana, katikati ya kelele zile, nikakusikia kabisa: "Nani kasema?"

Na zile betri, Baba, nilitaka leo nikuambie ukweli wake. Lakini nimefikiri tena. Zingekuwa nzima, nisingeishika penseli. Ulivyowaambia majirani ni kweli tupu.

Pumzika, mzee wangu. Kesho nina kipindi cha kwanza, nitapiga kelele tena.

Binti yako,
yule aliyewatawanya mbuzi