Wiki Saba za Mionzi

Garissa,
15 Juni 1996

Kaka yangu mpendwa Nunow,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, Kaaha na watoto hapo Modogashe hamjambo, na malisho bado yapo. Sisi ni wazima, tena nina furaha kubwa: leo asubuhi Aabo, baba yetu, amemeza anjera! Mkate mzima, kwa samli, kisha akadai mwingine.

Ngoja nikusimulie tangu mwanzo. Tulipofika hospitali Nairobi mwezi wa pili, uvimbe wa shingoni ulikuwa kama yai, na sauti iliyokuwa ikinadi ngamia sokoni imebaki mnong'ono. Daktari alisema ni saratani ya koo, imeshaingia kwenye tezi za shingo. Wakipasua, wataondoa kisanduku cha sauti, naye atapumulia tundu la shingoni. Aabo akakataa kwa kichwa. Basi tukaelezwa kuna njia isiyo ya kisu: mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki saba, pamoja na dawa za mshipani. Daktari hakutuahidi kitu.

Kaka, wiki ya nne ilitutesa. Ngozi ya shingo iliungua ikawa nyeusi, mdomo ukajaa vidonda, maziwa yakawa yanapitia mpira wa puani. Alinishika mkono akanong'ona, "Maryan, nirudishe nyumbani." Nikamjibu, "Kesho tena mara moja tu, Aabo." Nikamjibu hivyo kila siku.

Alhamisi hii tulirudi kupimwa. Daktari alimchungulia koo, akampapasa shingo, kisha akaniambia nipapase mwenyewe. Laini, hakuna kitu! Ametuonya ugonjwa huu huweza kurudi, hivyo ataangaliwa kila mwezi. Lakini sasa hivi yuko uani anabishana na jirani juu ya umri wa ngamia. Sauti ina mikwaruzo, ila inafika barabarani!

Sasa nina jambo la kuungama. Wiki ile ya nne, binamu yetu Alio alileta agizo lako kwamba Aabo arudishwe, afie kwa watu wake. Nilimwomba Alio anyamaze. Nilijua Aabo angekutii, wewe mwanawe mkubwa. Kisha nikadanganya zaidi: nilimwambia Aabo kwamba wewe ndiye unayemsihi avumilie. Ndipo akavumilia.

Jana, mbele ya wageni, alikuombea dua kwa sauti, akisema Nunow ndiye aliyemwokoa. Mimi niliendelea kumimina chai. Njoo, kaka. Ukimwona, amua wewe kama tumwambie ukweli.

Hooyo, mama yetu, anakusalimu sana. Mpe Kaaha salamu zangu, na watoto uwabusu.

Dada yako,
Maryan Barre