Kaye ya Karanga

Yaya Feza,

Natumai theluji ya Montreali imekuachia dirisha moja la kuisomea kadi hii.

Mimi hapa Kindu, nilikorudi kutembea, nimeshiba wali wa Kibombo na sombe ya majani ya muhogo, jasho linanitiririka, na nina habari ya kaye yangu, daftari la mashairi, ile uliyoisahau juu ya mkeka siku tuliyokimbia vita, ukajilaumu mpaka leo. Mama Salima, jirani yetu wa Mikelenge, aliiokota! Wakati wa vita makaratasi yalikosekana mjini, basi akaichana akafungia karanga zake za kuuza.

"Usikasirike, mutoto," akaniambia akicheka. "Watu walikuwa wanarudia kununua karanga ingine, juu ya kujua shairi inaishia namna gani."

Nilijaribu kukasirika, nikashindwa. Jana fundi wa baiskeli pale bandarini alinikariria ubeti mzima, wala hakujua kwamba njo mimi niliyeutunga. Riwaya zangu zote za huko Kanada hazijapata wasomaji wenye hamu namna hiyo.

Ukurasa mmoja tu Mama Salima hakuuza. Aliutoa sandukuni, katikati ya vitenge vyake. Ni ule wa mwisho, sikuwahi kuuona, na mwandiko ni wako: "Nimemaliza kusoma. Andika ingine."

Wabusu watoto, na usijilaumu tena. Kumbe maisha yangu yote, Yaya, nimekuwa nikikutii wewe.

Mdogo wako,
Zuhura